Pindo za Dereva wa Rola

Mume wangu alistaafu siku ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, mikono nyuma, akiniuliza kama nina kazi yoyote ya kumpa.

"Nenda kapumzike," nikamwambia. "Si ndiyo maana ya kustaafu?"

Lakini mtu aliyeendesha rola maisha yake yote hajui kupumzika. Kama hujawahi kuiona rola, ni ule mtambo wenye gurudumu la chuma mbele, zito kuliko dhambi za ukoo mzima, unaoshindilia barabara. Unakwenda mbele, unarudi nyuma. Ndiyo kazi aliyoifanya mzee wangu tangu hajaota ndevu vizuri, na mtaani kwetu hata watoto wanamwita Mzee Rola. Nilikuwa namwona jioni tu: anaoga, anakula, anabishana na taarifa ya habari, analala. Ndoa yetu imedumu kwa sababu hiyo. Wanaosema ndoa inadumishwa na mapenzi hawajawahi kushinda na mume ndani ya nyumba mchana kutwa.

Mwanzoni alikaa nje kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, akitazama magari yanavyopita. Baadaye akaanza kuyasema hayo magari, kwa sauti. Kisha akavuka barabara kwenda kuwafundisha mafundi ujenzi wa nyumba ya jirani jinsi ya kushindilia msingi. Walimvumilia kwa kuwa ni mtu mzima, mpaka siku moja msimamizi wao akaja kwangu kwa adabu zote, kofia mkononi. "Mama, tunakuomba umtafutie mzee shughuli," akasema.

Sijui nani alimfikishia maneno hayo, ila toka siku ile hakuvuka tena. Akaacha kunyoa ndevu. Chakula akawa anakigusagusa tu, na huyu ni mtu ambaye siku zote amekula mpaka sahani inaomba msamaha. Mbaya zaidi, akaacha kubishana nami. Nikimwambia jambo la kijinga makusudi ili anijibu, anasema, "Sawa, mke wangu." Jamani! Sawa, mke wangu! Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku moja nilimwona dirishani amekaa pale nje, mikono imelala juu ya mapaja, viganja vimetazama juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyoambiwa avishike kidogo. Roho iliniuma. Nikasema moyoni, mama, usipofanya kitu utakuwa mjane mwenye mume.

"Mzee!" nikaita. "Njoo huku. Unajua kupiga pasi?"

"Kupiga pasi ni nini?" akauliza. "Si unapeleka mbele, unarudisha nyuma?"

Sasa ngoja niwaeleze kitu, maana watu wengi wanafikiri kushona ni cherehani. Cherehani ni kelele tu. Kushona ni pasi. Ukingo wa kitambaa ukiuacha hivi hivi unafumuka nyuzi, kwa hiyo unaukunja kidogo, unaupiga pasi, unaukunja tena ili ule mkato ujifiche ndani, unaupiga pasi tena, ndipo unashona. Huo ndio upindo. Upindo mpana hata mlevi anauweza. Lakini upindo mwembamba, mwembamba wa njiti mbili za kiberiti zilizolala pamoja, hapo ndipo utajua hujui. Kidole kikitetemeka kidogo tu, ukingo unapanda na kushuka, na mteja hatajua kwa nini gauni lake linaonekana la bei ya chee, ila atajua kwamba wewe ndiye uliyelishona.

Mimi nina njia yangu. Nakata kipande chembamba cha kadi ngumu, upana uleule ninaoutaka, nakiweka juu ya kitambaa, nakunja ukingo juu ya kadi, napitisha pasi, nachomoa kadi, nasogea mbele. Kitambaa kikiwa kikaidi natia siki kidogo kwenye maji, nakinyunyizia, nafunika kitambaa kingine safi juu, nakandamiza. Siki si ya mchezo. Ukunjo uliopigwa pasi kwa siki haufunguki tena, hata ukiuomba kwa magoti.

Nikamwonyesha yote hayo mzee, nikakaa pembeni nikisubiri harufu ya kuungua. Thubutu! Mikono ile mikubwa ilishika kadi kama inashika yai. Alikwenda taratibu mpaka nikataka kupiga kelele. Akimaliza kukandamiza, hagusi kitu. Anaweka kipande cha ubao juu ya ukunjo na kusimama tu.

"Unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Ipoe. Ukikanyaga ingali ya moto inahama. Lami ni hivyo hivyo."

Nikamwambia hii si lami. Akasema sawa, lakini ubao hakuutoa. Alipomaliza, nikauchukua ule upindo nikaupeleka dirishani nikautazama toka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Nilinuna mpaka jioni.

Basi ndivyo alivyohamia chumbani kwangu. Chumba kile, tuelewane, kilikuwa changu. Ndani yake nilikuwa naongea peke yangu, naimba vibaya, nakaa na miguu juu ya stuli, na hakuna aliyeniuliza kitu. Sasa nina mwanamume nyuma yangu anapiga mluzi. Ana maoni kuhusu redio. Ana maoni kuhusu viuno vya wateja wangu, nayazima kwa jicho tu kabla hayajamtoka mdomoni. Na wateja nao! Mama mmoja anayeshonesha nguo kwangu tangu binti yangu akiwa ananyonya alikuja kuchukua sketi yake, akaigeuza, akatabasamu.

"Fundi, leo upindo umenyooka kweli kweli," akasema.

Leo! Kwani jana ulikuwaje? Nikacheka naye, jino pembe, na mzee nyuma yangu akakohoa kikohozi cha mtu aliyevikwa nishani.

Lakini alinyoa ndevu. Alikula. Usiku alibishana na msomaji wa taarifa ya habari mpaka majirani wakasikia. Kwa hiyo nilimeza mate machungu, nikamwachia meza ya pasi.

Kisha binti yetu akatangaza kwamba anaolewa.

Tuna mtoto mmoja tu, mwenye mdomo wangu na ukaidi wa baba yake, na Mungu aliyempa vyote viwili ndiye anayejua alikuwa anawaza nini. Alikuja na picha ya gauni kwenye simu. Kutoka kiunoni mpaka chini lilikuwa marinda matupu, safu juu ya safu, na kila rinda lina upindo wake mwembamba. Nikamuuliza kama nina deni naye la utotoni.

"Baba atapiga pasi," akasema, bila hata kunitazama. Mzee akavuta kiti karibu kuiangalia picha.

Nikaenda dukani, nikachukua kitambaa cheupe laini, jora zima la mwisho lililobaki, na mwenye duka akaniapia kwamba cha namna ile hakiji tena. Kilikuwa kizuri lakini kina hila. Upande mmoja una mng'ao mdogo, mwingine hauna, na ukiwa ndani ya nyumba huwezi kuzitofautisha pande hizo, ni mapacha. Mpaka ukitoe juani. Kwa hiyo nilikatia barazani asubuhi, na kila kipande nikakitia msalaba wa chaki upande wa ndani, ule usio na mng'ao. Kila fundi anafanya hivyo. Upindo unakunjwa kuelekea upande wenye chaki, basi. Sikumweleza mzee maana ya alama. Nani anamweleza mtu mzima kwamba maji yanalowesha?

"Hivi vyote, kwa siki," nikamwambia. "Sitaki upindo hata mmoja ufunguke siku ya harusi ya mwanangu."

"Hautafunguka," akasema.

Mimi nikampa mgongo, nikakaa na sehemu ya juu ya gauni, kifua na mikono, ambayo niliishona na kuijaza shanga ndogondogo kwa mkono mpaka vidole vikawa haviwezi kushika kijiko. Nyuma yangu nilisikia pasi ikihema, mluzi, ubao ukiwekwa, ubao ukitolewa. Akimaliza kipande anakiviringisha kama mkeka mdogo na kukipanga kikapuni. Sikukagua. Niliona vile vikunjo pembeni, vimepangana, na nikasema moyoni kwamba nimepata bahati uzeeni.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mzee alikwenda kwa kinyozi, nami nikabeba kikapu kwenda barazani kupima urefu kabla ya kuanza kukusanya vipande viwe marinda. Nikafungua kipande cha kwanza juani. Upindo umelala upande wenye mng'ao. Nikadhani nimekishika vibaya, nikakigeuza. Nikakigeuza tena. Msalaba wa chaki uko upande wa pili, safi, haujaguswa. Nikafungua kingine. Nikafungua vyote, nikavitandaza mpaka baraza likawa jeupe, na vyote vimekunjwa upande usiotakiwa, kwa siki, vimenyooka hivi kwamba ungeweza kuvitumia kuchorea mistari.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Sikulia bado. Nilikuwa natafuta tusi lenye ukubwa unaofaa.

Mzee akaingia getini, kichwa kinang'aa, ananukia poda ya kinyozi. Mimi nikaishusha sauti yangu mpaka ikafika mahali ambapo haijawahi kufika.

"Mzee, hii alama ya chaki, wewe uliielewaje?"

"Ah, hiyo!" akasema, akifurahi kuulizwa. "Si uliweka ili nisipite juu yake? Kazini ukiona msalaba wa chaki chini unajua pale pana bomba au waya. Dereva akilipitia, amepasua mji. Kwa hiyo kila kipande nilikilaza kifudifudi, msalaba chini, nikafanyia kazi upande wa pili. Hata alama moja sikuigusa. Angalia mwenyewe." Akainama kutazama marinda yake yaliyotandazwa. "Yametoka vizuri?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtazama, na uso wake ulikuwa umenyolewa mpaka shingoni, anasubiri jibu kama aliyefanya mtihani. Nikalijua jambo moja waziwazi. Nikisema sasa hivi, mtu huyu atarudi kwenye kiti cha plastiki, na safari hii hatainuka.

"Yametoka vizuri," nikasema.

Nilikwenda jikoni na kipande kimoja nikafunga mlango. Nikakitia maji ya moto, nikakitia sabuni, nikakitia mvuke wa sufuria. Ukunjo ulifunguka, lakini mstari ulibaki pale pale, kovu kutoka mwisho hadi mwisho, na nilipoukunja upande wa pili ulirudi kulekule. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikapiga simu dukani, mwenye duka akanicheka. Sehemu ya juu nayo siwezi kuifumua niigeuze. Kitambaa kile kinashika kila tundu la sindano, ningempeleka mwanangu madhabahuni akiwa chujio. Lilibaki jambo moja tu: kushona marinda vile vile yalivyo, mgongo wa kitambaa ukiwa nje, sehemu ya juu inang'aa na ya chini haing'ai.

Kwa mtu wa kawaida hakuna tofauti. Kwa fundi, juani, ni sawa na kutoka umevaa shati mishono nje. Na ilikuwa lazima fundi awepo. Mama Mkasi, anayeshona mtaa wa pili, ndiye shangazi wa bwana harusi. Mungu ana utani sana. Jina lake hakulipata kwa sababu ya kukata vitambaa. Alilipata kwa sababu ya ulimi. Aliwahi kunivuta pembeni msibani, mbele ya jeneza, kuniambia kwamba bega moja la koti la marehemu limeshuka. Marehemu mwenyewe hakuwa amelalamika.

Binti alipokuja kujaribu gauni nilimtuma baba yake akanunue uzi, nikamweleza mtoto kila kitu kwa kunong'ona. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya mabaki ya vitambaa.

"Bomba la maji!" akasema. "Mama, baba amekwepa bomba la maji kwenye gauni langu la harusi!"

"Cheka tu. Wewe utavaa siku moja. Mimi nitaulizwa mpaka naingia kaburini."

Akajifuta macho. "Baba amejua?"

"Hajui."

"Basi asijue." Hakuwa anacheka tena. "Juzi alinipigia simu, mama. Alinieleza pindo, moja moja, mpaka chakula changu kikapoa. Baba hajawahi kunipigia simu yeye mwenyewe, hata nilipopata kazi. Nitalivaa hivi hivi. Atakayeniuliza nitamwambia ndiyo mtindo."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe fundi. Lakini nilishona.

Jumamosi jua liliwaka kama limelipwa. Picha zilipigwa nje ya ukumbi, kwenye uwanja usio na hata kivuli cha kuku, kwa sababu mpiga picha alitaka mwanga. Binti yangu alipendeza, nisiseme uongo. Watu walishika vifua. Na mzee, ndani ya suti yake moja, alikuwa anapita kwa wageni mmoja mmoja.

"Pindo zote zile ni mkono wangu," aliwaambia. "Sogea uone. Hakuna iliyopanda, hakuna iliyoshuka."

Akawaleta baba wadogo wa bwana harusi, akainama, akashika rinda la chini na kuliinua awaonyeshe. Baba mzazi anainua gauni la bibi harusi mbele ya ukoo mwingine! Nikamkonyeza aachie. Hakuniona. Aliyeniona ni Mama Mkasi, ambaye alikuwa ameshavaa miwani.

Alikuja, akachuchumaa karibu na mzee, akaligeuza lile rinda juani, kulia, kushoto. Akainua macho kwenye kifua cha gauni. Akarudi kwenye rinda. Kisha akasema kwa sauti ya kuita basi:

"Fundi! Mbona marinda umeyageuza? Mgongo wa kitambaa uko nje!"

Walikuwepo wateja wangu karibu wote, wamevaa nguo nilizowashonea. Wakatazama gauni, wakanitazama mimi, na nikaona mmoja anapeleka mkono kwenye sketi yake mwenyewe kuhakikisha. Mzee alikuwa bado amechuchumaa, rinda mkononi. Akatazama juu kwenye zile shanga, akatazama chini, akatazama juu tena. Yeye ni mtu wa taratibu, lakini si mjinga. Nilimwona anavyoukaribia ukweli.

Sikungoja afike.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeyageuza mimi. Macho yangu siku hizi, Mama Mkasi... si kama zamani."

Kwa fundi, kusema hivyo mbele ya wateja ni kufunga duka kwa mkono wako mwenyewe. Nililijua hilo na nikalisema. Mama Mkasi akaniwekea mkono begani.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Ni umri."

Heri angenitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Mzee akasimama. Magoti yalimlia, watu wakasikia.

"Macho ya mke wangu," akasema, "yanaona sindano ikianguka kwa jirani. Hajawahi kugeuza kitambaa, hajawahi na hatageuza. Niliyegeuza ni mimi." Na kwa kuwa yeye hajui kuacha jambo nusu, akawaeleza yote: chaki, msalaba, bomba, waya, dereva anayepasua mji. Aliyaeleza taratibu, kwa mpangilio, bila kuficha kitu, akionyesha kwa mikono jinsi alivyokilaza kila kipande kifudifudi.

Halafu baba mdogo mmoja akapasuka, na wote wakafuata. Walicheka wakashikana mabega. Mpiga picha alicheka mpaka akaweka kamera chini. Mimi mwenyewe, mahali pengine, siku nyingine, mume wa mtu mwingine, ningevunjika mbavu. Mzee hakucheka. Alilishusha rinda, akalilaza vizuri kwa kiganja ili lisijikunje, akamgusa binti yake shavuni, akaondoka kuzunguka ukumbi.

Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuipata, na mimi ni mtu wa hasira.

"Mmemaliza?" nikawauliza. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Haya, Mama Mkasi. Upande umeuona, una macho mazuri, hongera. Sasa utazame upindo. Toa tepu yako, najua unatembea nayo."

Kweli akaitoa mkobani. Akapima hapa, akapima pale, akazunguka gauni lote kwa kuchuchumaa huku bibi harusi amesimama mikono kiunoni. Alichukua muda. Vicheko vilikuwa vimeshakufa alipoinuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kitu kikavu.

"Huyu mpiga pasi wako," akasema, sasa kwa kunong'ona, "anapokea kazi za nje?"

Nilimwacha na swali lake nikamfuata mzee.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, kati ya magari yaliyoegeshwa. Amevua koti la suti, amelikunja, amelishika kifuani kwa mikono miwili. Hakugeuka.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku uliyotoka kwa kinyozi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Wewe? Ukanyamaza?" Akanigeukia, na macho yalikuwa mekundu. "Halafu unasimama mbele ya watu unasema macho yako yamekwisha. Wateja wako wale. Usirudie tena, unanisikia? Usinifanyie hivyo tena." Akalikaza koti kifuani. "Chumba ni chako. Mimi nitakaa zangu nje. Sitakuharibia tena kazi."

Sasa, kile chumba nilikuwa nimekililia tangu alipoingia. Nilitaka kimya changu, stuli yangu, nyimbo zangu mbaya. Hapo ndipo nilipopewa vyote, na niliona jinsi kitakavyokuwa: pasi imesimama, hakuna mtu nyuma yangu. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku zote zile alizokaa getini.

"Jumatatu kuna mapazia ya zahanati," nikamwambia. "Marefu. Ukichelewa nitakuletea vurugu."

"Usinihurumie."

"Nani anakuhurumia? Nilikuhurumia siku ya kwanza, huruma ikaisha siku ya pili ulipoanza kupiga mluzi." Kisha likanitoka tu, sikulipanga, na sauti yangu ilipasuka katikati kama ya mtoto. "Mle ndani peke yangu siwezi tena. Siwezi. Umeelewa?"

Nilikuwa nimeshasema kuliko kawaida yangu, kwa hiyo nikageuza maneno, nikamweleza swali la Mama Mkasi.

Akalifikiria. Akasafisha koo.

"Ana pasi ya mvuke, huyo mama?" akauliza.

"Nenda kwake, uone kama utarudi na miguu yote miwili."

Ndipo mwanamume yule akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea gari la mtu, machozi yakamtiririka, na ilipofika katikati halikuwa tena cheko, mabega yalikuwa yanakwenda vingine. Nikalichukua koti mikononi mwake, nikasimama mbele yake ili wapita njia wasimwone, nikamsubiri amalize.